Nils Bohlin: Msee aliyekushushia kifungio cha mkanda hadi kiunoni

Sema ukweli. Ukiingia kwa gari na upate kiti cha nyuma, mkono wako unaenda wapi kwanza? Kwa simu, bila shaka. Kisha kwa dirisha. Mkanda unauona umejilaza pale kando kama nyoka mgonjwa, na kile kifungio chake kimezama katikati ya mto na mgongo wa kiti, pamoja na maganda ya njugu na sarafu ya mtu aliyeshuka kitambo. Kukitoa huko ni kazi ya mikono miwili na matusi kidogo. Unaamua iwe basi. Si ni safari fupi tu?

Kuna mtu alikaa mwaka mzima akiwaza juu ya uvivu huo wako. Hakukutukana wala hakukuhubiria. Alichukua kalamu akaanza kuchora mkanda ambao hata mvivu angekubali kuufunga. Jina lake Nils Bohlin, mhandisi wa Uswidi, na kitu kikubwa alichofanya ukikieleza haraka kinaonekana kidogo sana: alihamisha mahali mkanda unapofungiwa. Ulikuwa unafungwa juu ya tumbo au kifua. Yeye akaupeleka chini, kando ya nyonga. Hesabu za kampuni ya Volvo zinasema mkanda huo umeokoa zaidi ya watu milioni moja.

Bohlin alizaliwa tarehe 17 Julai 1920 katika mji wa Härnösand, mji wa bandari kwenye pwani ya mashariki ya Uswidi, kule ambako baridi si mchezo. Alisomea uhandisi wa mitambo hapo hapo mjini kwao na akapata diploma mwaka wa 1939. Ni hiyo tu. Mimi niliyeacha chuo kabla ya kumaliza nilipofika hapo nilisoma mara mbili. Sisemi uache masomo, mamako asije akanitafuta. Nasema tu kwamba diploma ya mji mdogo ilimtosha kuanza.

Mwaka huo huo wa 1939 vita vikuu vikaanza Ulaya. Uswidi haikuingia vitani, lakini ilikuwa imezungukwa na moto kila upande, kwa hivyo ikaamua kujitengenezea ndege zake za kivita. Kampuni iliyopewa kazi hiyo ni Saab, na Bohlin akaajiriwa huko mwaka wa 1942.

Hapa usiruke, kwa sababu bila Saab hakuna mkanda.

Saab walikuwa wanaunda ndege moja ya ajabu iliyoitwa J 21. Ndege nyingi za wakati huo zilikuwa na propela mbele, kwenye pua. Hii ilikuwa nayo nyuma, mgongoni mwa rubani. Sasa jiweke kwa hiyo ndege. Imepigwa, inaanguka, unataka kuruka na parachuti kama marubani wengine. Ukiruka, upepo unakurudisha moja kwa moja kwenye propela. Unakuwa nyama ya kusaga. Dawa ikawa ni kiti kinachorushwa kwa baruti, kinachomtupa rubani juu kabisa kupita ile propela. Mwaka wa 1946 ndege mbili ziligongana hewani na rubani mmoja wa Uswidi akarushwa na kiti cha namna hiyo, akatua akiwa hai.

Bohlin aliingia katika ulimwengu huo wa viti vya kurusha marubani, na kufikia katikati ya miaka ya 1950 kazi hiyo ilikuwa chini yake. Fikiria alikuwa anashughulika na nini kila asubuhi. Mwili wa binadamu unarushwa kwa nguvu kiasi gani kabla uti wa mgongo haujavunjika? Mkanda upite wapi ili nguvu hiyo iende kwenye mifupa na si kwenye tumbo? Rubani ana sekunde ngapi za kufungua? Kwa miaka mingi alikuwa akisoma jambo moja tu, mwili wa mtu unapobadilishiwa mwendo ghafla.

Na marubani walikuwa wateja rahisi. Rubani ukimwambia ajifunge mikanda minne, mabegani na kiunoni, hata ya katikati ya miguu, anafunga bila kelele. Anajua kazi yake ni ya kufa na kupona. Bohlin alikuja kueleza baadaye kwamba watu wa magari ya kawaida si hivyo kabisa. Hao hawataki kusumbuliwa hata dakika moja.

Sasa shuka kutoka angani uje barabarani. Miaka ya 1950 Waswidi walikuwa wanapata pesa na kununua magari kama sisi tunavyonunua simu. Ajali nazo zikaongezeka. Shirika la umeme la serikali, Vattenfall, lilikuwa likipoteza wafanyakazi barabarani hadi wahandisi wake wakaanza wenyewe kuchunguza mikanda ya gari. Kwa hivyo usije ukaambiwa kwamba Bohlin alivumbua mkanda. Mikanda ilikuwepo. Shida ni kwamba ilikuwa mibaya.

Ulikuwepo ule wa kiunoni, wa pointi mbili, kama wa kwenye ndege ya abiria. Unapita juu ya mapaja na kufungwa mbele, juu ya tumbo. Gari likigonga, kiuno kinabaki lakini sehemu ya juu ya mwili inajikunja mbele kama kisu cha kukunja. Kichwa kinakutana na usukani, au dashibodi, au kiti cha mbele. Na mkanda ukiwa umepanda juu kidogo, nguvu yote inaingia tumboni, penye utumbo na ini na bandama, vitu laini visivyo na mfupa wa kuvikinga.

Ulikuwepo pia ule wa kukatiza kifua kutoka begani, bila kipande cha kiunoni. Volvo walikuwa na huo. Kifungio chake kilikaa usawa wa mbavu. Hebu jipime, weka ngumi yako chini ya mbavu, halafu fikiria uzito wako wote unaegemea ngumi hiyo kwa mwendo wa gari. Tena, kwa vile kiuno hakikushikwa, mtu angeweza kuteleza chini na kuchomoka.

Mkubwa wa Volvo wakati huo aliitwa Gunnar Engellau. Inasimuliwa kwamba jamaa yake mmoja alikufa katika ajali, na kasoro za mkanda wa pointi mbili zilichangia kifo hicho. Sijui kama mtu hubadilika kwa takwimu. Kwa msiba hubadilika. Engellau akaenda kumtafuta mtu anayejua mikanda kuliko wote nchini, na mtu huyo alikuwa kwa jirani, kwenye kampuni ya ndege. Mwaka wa 1958 Bohlin akahamia Volvo kule Gothenburg akiwa mhandisi wa usalama.

Sasa angefanya nini? Njia rahisi ilikuwa ni kuchukua mikanda ya rubani na kuitia kwenye gari. Ingefanya kazi vizuri sana. Na hakuna mtu angeivaa. Alitambua mapema kwamba kazi aliyopewa ilikuwa na pande mbili zinazovutana. Mkanda ushike mwili kwa nguvu juu na chini, na wakati huo huo mama mwenye koti zito la baridi, mtoto mkono mmoja na mfuko wa sokoni, aweze kuufunga kwa ule mkono uliobaki. Akishindwa upande huo wa pili, upande wa kwanza hauna maana.

Jibu lake ukiliona leo unashangaa watu walikuwa wapi. Nisikilize polepole, na kama uko kwa gari angalia mkanda wako.

Ni utepe mmoja. Unaanzia juu, kwenye nguzo ya gari karibu na bega lako. Unashuka ukikatiza kifua hadi nyonga ya upande wa pili. Hapo unapita kwenye kipande cha chuma, tuuite ulimi, kisha unarudi ukipita mapajani hadi chini upande ulikoanzia. Juu kifuani, chini kiunoni, utepe ni ule ule. Na kwa sababu ni ule ule, unahitaji kuufunga mahali pamoja tu. Kifungio kimoja, mkono mmoja, mvuto mmoja.

Halafu ile sehemu tamu. Kipande cha kifua na kipande cha kiuno vinakutana kando ya nyonga yako, chini, na kutoka hapo vinashikiliwa sakafuni. Ukitazama vinaunda herufi V iliyolala, ncha yake ikielekea chini. Gari likigonga na mwili ukisukumwa mbele, ile V inavuta kipande cha kiuno kibaki chini kwenye mfupa wa nyonga, kisipande tumboni. Kifua kinashikwa kwenye mbavu na bega. Tumbo halibebi kitu. Na kile chuma kigumu cha kufungia, ambacho zamani kilikuwa kinakuvunja mbavu, sasa kiko pembeni kabisa mahali kisipokugusa.

Haki ni haki: Marekani kulikuwa na watu wawili, Roger Griswold na Hugh DeHaven, waliopata hataza ya mkanda wa pointi tatu mwaka wa 1955, miaka kadhaa mbele yake. Ila wao walikiacha kifungio mbele ya mwili. Ndiyo maana nimekuambia tangu mwanzo kwamba hadithi yote iko kwenye kifungio.

Tarehe 13 Agosti 1959, gari la kwanza lenye mikanda hiyo likafikishwa kwa muuzaji mmoja katika mji wa Kristianstad, kusini mwa Uswidi. Volvo wakaitia kwenye viti vya mbele vya magari yao mawili, PV544 na Amazon, kwa wateja wa Uswidi na nchi jirani. Haikuwa ya kulipia zaidi. Ilikuja na gari.

Unadhani watu walishangilia? Wapi. Wengi hawakuona maana yake. Mkanda wenyewe wakati huo haukuwa na ile rili ya kujiviringisha. Ulikuwa unaurekebisha kwa mkono ukufae, na ukiuvua unajikunja kwenye sakafu. Wengine walisema afadhali urushwe nje ya gari kuliko kunaswa ndani likiwaka moto. Hoja hiyo bado ipo, miaka zaidi ya 60 baadaye, nimeisikia kwa masikio yangu kwa stage. Ukirushwa nje unatua wapi? Kwa lami, na magari mengine yanakuja.

Hataza ya Marekani ilitoka Julai 1962. Hataza ni ile karatasi inayosema kitu hiki ni changu, ukikitengeneza unilipe. Hapo Volvo walikuwa wameshika dhahabu. Kila kampuni ya magari duniani ingelazimika kuja na pochi wazi. Badala yake waliamua mtu yeyote aruhusiwe kuitumia, Ford au Toyota au nani, bila kulipa. Mimi na wewe tungefanya hivyo? Mimi, nikiwa mkweli, ningeanza kwa kuuliza kila gari moja shilingi ngapi. Ni kweli kwamba Volvo walijipatia jina la gari salama, na jina hilo wamekula nalo hadi leo. Lakini uamuzi ule ndio sababu mkanda uliomo kwenye Probox ya mjomba wako unafanana na ule wa kwenye Benzi ya waziri.

Bohlin mwenyewe hakukaa akingoja sifa. Alitaka ushahidi. Volvo wakakusanya taarifa za ajali za magari yao nchini Uswidi kwa mwaka mzima, zaidi ya ajali 28,000, wakazichambua: nani alikuwa amefunga, nani hakufunga, gari lilikuwa na mwendo gani, nini kilimpata. Ripoti ilitolewa mwaka wa 1967. Ilionyesha mkanda ulipunguza majeraha kwa asilimia 50 hadi 60. Waliokuwa hawajafunga walikufa hata kwenye ajali za mwendo wa kilomita 20 kwa saa, mwendo wa boda iliyochoka. Waliofunga, hakuna aliyekufa chini ya mwendo wa kama kilomita 96 kwa saa.

Baada ya hapo kelele zikaanza kuisha. Jimbo la Victoria, Australia, likawa la kwanza kulazimisha watu kufunga, mwaka wa 1970. Uswidi yenyewe, nyumbani kwa mkanda, ilingoja hadi 1975. Uingereza ni 1983.

Lakini soma vizuri. Uswidi 1975 ilikuwa kwa viti vya mbele. Uingereza 1983, viti vya mbele. Wewe wa nyuma ulisahaulika. Uswidi walikuja kuwalazimisha watu wazima wa kiti cha nyuma mwaka wa 1986, Uingereza mwaka wa 1991. Japan, kule yanakotoka magari mengi tunayoendesha hapa, ni 2008. Hata kwenye Volvo zenyewe mikanda ya nyuma ilifika 1967, ile ya pointi tatu ikafika nyuma 1972, na msee wa katikati nyuma, yule anayekaa kwenye kile kinundu, alipata pointi tatu mwaka wa 1986. Miaka 27 baada ya dereva.

Kwa nini? Sehemu moja ni dhana. Watu waliamini nyuma ni salama, una kiti mbele yako kama mto. Kiti si mto. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, kugonga kitu kisichosogea ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa karibu mita 10, ghorofa ya tatu hivi. Na kiti unachokigonga kina mtu ndani yake. Abiria wa nyuma asiyefunga anakuja na uzito wake wote mgongoni mwa yule wa mbele aliyefunga.

Sehemu nyingine ni uhandisi, na hii ndiyo inayonivutia. Mbele kuna nguzo ya gari ya kushikia ile pointi ya juu. Nyuma katikati hakuna nguzo, kuna hewa na kioo. Kwa hivyo mkanda lazima utoke kwenye mgongo wa kiti au kwenye paa, na mgongo huo wenyewe uwe imara. Halafu kiti cha nyuma hukunjwa watu wakibeba mizigo, na watu watatu hukaa pale wakisukumana, vifungio vitatu vikikaribiana hadi unafunga ulimi wako kwenye kifungio cha jirani. Kampuni nyingine hubadilisha umbo la ulimi wa katikati ili usiingie kwenye kifungio kisicho chake.

Na kifungio chenyewe, wacha nikifungue kidogo. Ndani ya lile boksi dogo kuna springi na kidole cha chuma. Ulimi ukiingia unasukuma springi moja nyuma, kidole kinaangukia kwenye tundu la ulimi, tik! Umeshikwa. Ukibonyeza kile kitufe chekundu, kidole kinainuka na ile springi inautupa ulimi nje. Unaona ni rahisi. Sasa ongeza masharti. Sheria za Ulaya zinataka kitufe kiwe chekundu, na kifungio kisiweze kukaa nusu, yaani kionekane kimefungwa na kumbe bado. Kisha sharti gumu kuliko yote: kishike katika ajali, halafu dakika moja baadaye, ukiwa umening'inia kichwa chini na mkanda umekazwa na uzito wako, kifunguke kwa kidole cha mtu ambaye hata hajui gari lako. Marekani wameweka kipimo. Baada ya kuvutwa kwa nguvu za majaribio, kitufe kisihitaji zaidi ya nyutoni 133 kufunguka, kama uzito wa kilo 13 na nusu.

Mbele, kifungio husimama kwenye shina gumu, unakifikia bila kuangalia. Nyuma, mara nyingi kimeshonewa kwenye utepe laini ili kiti kikunjike. Ndiyo maana kinazama. Ndiyo maana unahitaji mikono miwili. Ile kazi yote ya Bohlin ya mkono mmoja inapotelea pale chini ya mto. Mbunifu akisahau sentimita chache za shina, abiria anasahau mkanda. Ningekuwa na gari ningeanza kwa kuvitoa hivyo vifungio juu kila ninapoosha.

Bohlin alipanda cheo mwaka wa 1969 akawa mkuu wa idara ya utafiti na maendeleo pale Volvo, na akastaafu mwaka wa 1985. Mwaka huo huo ofisi ya hataza ya Ujerumani iliorodhesha hataza nane zilizowafaa binadamu zaidi katika miaka 100 iliyopita. Yake ilikuwemo, pamoja na za akina Benz, Edison na Diesel. Hao watatu unawajua. Yeye ulikuwa unamjua kabla ya leo? Akapata nishani ya dhahabu ya chuo cha sayansi za uhandisi cha Uswidi mwaka wa 1995, na mwaka wa 1999 akaingizwa kwenye ukumbi wa mashujaa wa magari kule Marekani. Wamarekani walimpangia heshima nyingine, ukumbi wa wavumbuzi, tarehe 21 Septemba 2002. Siku hiyo hiyo alifariki kwao Uswidi, kwa mshtuko wa moyo, akiwa na miaka 82.

Hakuishi kuiona Februari 2004 hapa kwetu. Kama ulikuwa mdogo, uliza wakubwa. Waziri wa uchukuzi, marehemu John Michuki, alisema kuanzia tarehe mosi mwezi huo kila matatu iwe na mkanda kwa kila abiria na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Zisizotimiza zikae nyumbani. Zikakaa. Watu walitembea kwa miguu hadi kazini, na mafundi wa Nairobi wakafunga mikanda usiku na mchana.

Kilomita 80 kwa saa, kwa ile hesabu ya kuanguka, ni karibu mita 25. Ghorofa ya nane.

Sasa angalia mikanda tuliyofungiwa. Karibu zote nilizopanda mimi zina mikanda ya kiunoni, ya pointi mbili, inayofungwa mbele ya tumbo. Yaani ule mkanda ambao Engellau alimwajiri Bohlin auondoe mwaka wa 1958 ndio uko kwenye mathree. Usinielewe vibaya, ni bora mara nyingi kuliko kukaa bure, kwa sababu unakuzuia kuruka kwenye kioo. Ukiwa nao, ushushe. Upite chini ya tumbo, juu ya mifupa ya nyonga, uukaze, na kile kifungio kisukume kiende pembeni ya kiuno badala ya kukikalisha kitovuni. Mama mjamzito hasa, chini ya tumbo kabisa. Huo ndio ujanja wa mzee wa Härnösand unaoweza kuutumia hata kwa gari lisilo na mkanda wake. Faini ya kutofunga ni shilingi 500, lakini sikuambii kwa sababu ya hiyo.

Wiki iliyopita nilipanda moja jioni, nikakaa nyuma katikati. Ulimi nilikuwa nao, kifungio hakikuwepo. Nikamuuliza konda, akaniangalia kama mtu aliyeomba chai ndani ya gari. Yule shosho aliyekuwa kulia kwangu akainama bila kusema kitu, akaingiza mkono kwenye ufa wa kiti hadi kwenye kiwiko, akatoa kwanza tiketi ya basi, kisha kalamu isiyo na wino, kisha kifungio. Akakipangusa kwa leso yake, akanifungia mwenyewe, akaukaza hadi nikakohoa. Halafu akanyoosha mkono kwa kijana wa kushoto kwangu, akimtaka naye atoe simu masikioni ajitafutie chake.